Kalenda ya Chooni

Mwaliko wa Roelofje uliandikwa hivi:
Jumapili, saa nane hadi saa kumi.
Nikacheka peke yangu. Sherehe gani hii
iliyokwisha kupangiwa na saa ya kutokea?

Meppel ilinyeshewa kwa adabu,
manyunyu tu. Baiskeli zimeegemea ukuta,
dirisha kubwa halina pazia,
na kabla sijabisha nikawaona wote ndani
wameketi kwa duara, magoti yakitazamana,
kama watu wanaongoja kusomewa wosia.

Huku hupiti na salamu moja ya jumla.
Kila mkono una haki yake.
Hongera kwa dada yako, nikamwambia Wubbo.
Hongera kwa shangazi yako. Hongera kwa jirani yako.
Hongera, nikamwambia na mbwa, kwa kuzidiwa,
na hapo ndipo duara likacheka,
nami nikapewa kiti.

Kahawa. Kipande cha keki ya matufaha,
mdalasini umekolea. Kisha mkebe wa biskuti
ukazunguka, kila mtu akachukua moja,
na kifuniko kikarudi, tak,
kama bunge lililoahirishwa.
Mimi niliyelelewa kwa "ongeza, bado hujala"
nikautazama ule mkebe.
Mkebe haukunitazama.

Baadaye ikaja jibini, vipande vya mraba, haradali pembeni,
na ndani ya jibini, karafuu.
Karafuu! Huku, kwenye mvua hii,
imejibanza ndani ya mafuta
kama mtu wa kwetu asiye na koti.
Nikaimung'unya polepole, nisije nikaimaliza.
"Chumba unalipia kiasi gani?" akauliza Wubbo,
waziwazi, kama anayeuliza saa.

Nikaomba choo. Chembamba, chenye baridi,
na mlangoni, usawa wa macho ya aliyeketi,
kalenda: haina mwaka, haina Jumatatu,
ni miezi na tarehe, na majina kwa mkono.
Hilligje. Wubbo. Machi kumi na tisa, Harmen.
Kando ya Harmen, msalaba mdogo kama mshono.
Hakufutwa. Kila Machi anazaliwa tena
huyu mume wa Roelofje,
chooni, mbele ya kila mgeni.

Saa kumi kamili duara likasimama.
Makoti. Hongera tena, kinyumenyume.
Roelofje akanishika mkono kizingitini:
"Wewe ulizaliwa lini?"
Nikadhani ni uwazi ule ule wa Wubbo.
Nikamtajia. Akaingia chooni,
nikasikia kalamu ikikwaruza mlango.
"Kwa wino," akasema akitoka. "Si penseli."

Nilipofungua kufuli la baiskeli
nikageuka. Dirisha, halina pazia:
viti bado vimekaa kwa duara,
naye katikati, mkebe mapajani,
anakula ya pili.