Ndimi Sababu

Sheria haimtoi mtu nyumbani hivi hivi.
Inadai sababu, iandikwe, itiwe sahihi.
Mjomba Detlef alizitafuta zote
kama mtu anayepekua mifuko ya koti la zamani.
Kodi? Bi Kupferschmidt hulipa tarehe mbili,
haijapata kuwa tarehe tatu.
Kelele? Redio yake hulala saa tatu usiku.
Uharibifu? Ukuta wa ngazini aliupaka rangi yeye, kwa pesa yake,
mwaka ule bomba lilipopasuka na mjomba hakupokea simu.

Ikabaki moja tu:
mwenye nyumba anaihitaji nyumba,
yeye, au mtu wa damu yake.
Hapo ndipo nilipozaliwa mara ya pili,
aya ya tatu, barua ya tarehe kumi na nne Novemba:
mpwa wangu Henrike, mwanafunzi, hana pa kuishi.

Pa kuishi ninapo.
Chumba kimoja Leipzig magharibi, juu ya fundi baiskeli,
dirisha halifungi sawasawa, nakipenda.
Lakini karo yangu aliilipa mjomba.
Ahadi ni deni, na karo kumbe nayo ilikuwa ahadi
nisiyokumbuka kuitoa.

Akanituma nikapime vyumba. Ili ionekane, alisema.
Bi Kupferschmidt akanifungulia, nyonga ikimvuta upande,
akashika ncha ya futi kamba bila kuombwa.
"Bana hapo pembeni, binti. Ukuta huu umepinda,
ukipima katikati kabati halitaingia."
Miaka thelathini na minane, anaujua ukuta
kama mtu ajuavyo jino lake bovu.
"Na kitanda usikiweke huku.
Unyevu wa bafu la jirani hupenya, utakohoa."
Nikaandika: usiweke kitanda huku.
Nikanywa kahawa yake.

Leo mahakamani makoti yananuka mvua.
Wakili wake ameleta barua ya daktari,
maana sheria ina mlango mwingine, mwembamba,
kwa ambao kuhama kutawavunja.
Mjomba ananitazama. Juu ya meza ya jikoni kwake
nililiona tangazo la dalali, tayari limechapwa:
vyumba vitatu, dari ndefu, kodi maradufu.
Hakulifunika. Alinisogezea sukari.

Hakimu anavua miwani.
Mwanamke mchovu, ana doa la wino kidoleni.
"Na wewe, utahamia lini?"

Bi Kupferschmidt amegeuka kunisikiliza,
mkono sikioni, vile vile
alivyosubiri nimsomee namba kutoka upande wa pili wa chumba.

Nafungua kinywa.
Mita tatu na sentimita arobaini na mbili,
dirishani mpaka mlangoni.
Ndilo neno la kweli nililo nalo,
na hakuna aliyeniuliza hilo.