Chumvi Nimeificha

Chumvi nimeificha, Otari, usiitafute.
Haimo kabatini, haiko nyuma ya mtungi wa siki,
wala ndani ya buti la theluji
ulimoficha sigara mwaka juzi.
Daktari wa Telavi alikuchorea moyo nyuma ya risiti,
akachora na mshipa, akauziba kwa wino:
"Hii ni siagi."
Kisha akanitazama mimi, si wewe.

Theluji imepanda kurudi kileleni.
Kando ya ukuta wa mawe imechomoza mboga ya kwanza,
ile iwashayo kama upupu, isiyopandwa na mtu.
Naichuma kwa glavu za marehemu mama yako
(alikuwa na mikono mikubwa, vidole vyangu vinaelea humo),
nachuma ncha tu, majani manne manne,
kabla jua halijayakomaza.
Maji ya moto huyaondolea ukali kwa dakika moja.
Laiti na watu tungechovywa hivyo.

Kisha jozi. Natwanga hadi zitoe mafuta yake zenyewe,
natia kitunguu saumu, giligilani, siki ya divai,
na punje za komamanga la mwisho,
lililosinyaa ngozi tangu Desemba
lakini ndani bado linacheka.
Nafinyanga madonge,
kila donge nalibonyeza kwa kidole gumba,
kama anayetia sahihi asiyejua kuandika.

Mwanakondoo sikumfuta. Pasaka ni Pasaka.
Vipande vitano, kimoja kwa kila mdomo,
vimezama ndani ya tarkhuna na plamu mbichi,
chachu ya kumkunja uso askofu.
Mkate mtamu nimeoka mmoja; nilizoea sita.
Mayai mekundu yamelala juu ya ngano changa
niliyoiotesha kwenye sahani, dirishani,
nikiinyunyizia maji kila asubuhi ulipokuwa hospitali,
kwa kuwa sikuwa na kingine cha kunywesha.

Zurabi ndugu yako akaja toka Rustavi
na mfuko wa nyama ya nguruwe begani.
Akaikagua meza kama afisa wa forodha.
"Nani kafa?" akauliza. "Au tumekuwa mbuzi?"
Mgeni njoo, mwenyeji apone, nikajisemea,
nikampakulia.
Alikula kimya. Akapangusa sahani kwa mkate.
Akanyoosha mkono, akachukua donge langu,
akaniuliza, bila kuinua macho,
kama ile mboga huota na huko kwao, kando ya reli.
Nyama ilibaki barazani.
Paka aliilinda hadi jioni, kwa masilahi yake.

Nawe ukasimama na glasi, divai kidole kimoja,
wewe uliyekuwa ukimaliza pembe nzima kwa pumzi moja.
Ukawataja wafu, ukawataja watoto, ukautaja mzabibu.
Ulipofika kwa baba yako ukanyamaza.
Miaka hamsini na miwili, meza kama hii, kijiko mkononi.
Wewe mwezi Juni unatimiza hamsini na miwili.
Kesho tutapanda makaburini kuviringisha mayai juu ya udongo wake,
nami nataka uyaviringishe wewe, kwa mkono wako,
mwaka huu, na mwakani,
na hata siku magoti yatakapokugomea
na itabidi nikushike mshipi kwa nyuma.

Usiku nimeona mwanga wa friji chini ya mlango.
Umesimama peku, jibini la Zurabi mkononi,
jeupe, linalotoa jasho la chumvi.
"Natafuta maji," umesema.
Nimechukua kisu. Nimelikata nusu,
ile nusu nikaikata tena.
Tumekula wima, kama wezi, robo kwa robo.
Loo, Otari, chumvi ni tamu.

Hilo lililobaki nimelificha.
Usiulize wapi.