Ulimi na Tundu

Fundi Kasubi alinitajia bei ya meza,
akahesabia na simba wawili wa kuchonga miguuni,
maua kwenye pembe,
vanishi ya kung'aa kama paji la bwana harusi.
Nikamwambia: toa simba, toa maua.
Akacheka. "Ukitoa hivyo, mama, kunabaki nini?"
Mwenyewe alikuwa amekalia ndoo ya rangi.

Nikarudi Isevya na ubao mmoja wa mninga
nimeufunga kwenye baiskeli ya mwanangu Mihayo,
ukining'inia nyuma, ukifagia vumbi njia nzima.
Miaka ishirini na sita nilipima tumbaku za watu,
kilo na gramu na daraja; namba nazijua.
Mbao, nikadhani, ni namba zenye harufu.

Sivyo.

Msumeno ulikwenda ulikotaka.
Mstari wangu wa penseli ukabaki kando
kama abiria aliyeachwa na treni, mzigo mkononi.
Randa ikagoma, ikang'ata, ikararua.
Mama Tausi akachungulia juu ya ua wa mabati:
"Nyamizi, unajenga au unachinja?"

Cha kwanza kilikuwa kigoda. Miguu minne, basi.
Kikayumba. Nikapunguza wa kushoto.
Kikayumbia kwingine. Nikapunguza wa kulia.
Jua lilipojificha nyuma ya tangi la maji
kigoda kilikuwa kimeshuka hadi kimo cha kuku.
Leo mjukuu wangu Kabula hukikalia akichambua matembele
na anaamini nilimtengenezea yeye.
Sijamsahihisha.

Nilirudi kwa Kasubi, mikono nyuma,
kama mwanafunzi aliyesikia kengele akiwa bado njiani.
Sikuagiza meza. Niliomba anionyeshe ulimi na tundu,
jinsi mti unavyoingia ndani ya mti mwenzake
ukatulia, bila msumari.
Akachukua kipande, akakwangua, akajaribisha,
akakwangua tena, unywele tu,
kisha akakisukuma kwa kiganja. Kikaguna.
"Ukisikia kimeguna hivyo, acha. Usimwite nyundo."
Siku hiyo ndoo zilikuwa mbili. Moja alinisogezea.

Meza ilinila kiangazi kizima.
Nilitoboa matundu manane, nikatupa ndimi tatu,
nikakata kidole, nikakifunga kitambaa, nikaendelea.
Miguu niliikondesha kuelekea chini
kama ya swala anayesikiliza.
Droo moja. Kishikizo kimoja, cha mti, mviringo,
sawa na kifungo cha koti la baba.
Hakuna kingine. Kila nilipotamani kuongeza
nilikalia mikono yangu.

Mwisho ikawa nta, ya nyuki wa Sikonge,
nimeiyeyusha na mafuta kwenye kopo la maziwa,
nikaipaka kwa fulana iliyokwisha kazi yake.
Hapo mninga ukaamka:
wekundu, michirizi, mawimbi ya asali,
na karibu na ukingo duara moja jeusi kama jicho.
Kumbe maua niliyoyakataa yalikuwa humo
tangu mti uko porini, haujaonana na mtu.

Kasubi alikuja Jumapili. Hakusifu.
Alipiga magoti akatazama chini ya meza,
pale wageni wasipotazama,
akapitisha kidole kiungo hadi kiungo.
Kwenye cha nne akasimama.
Hapo nilikosea kipimo, nikaziba
kwa unga wa mninga na gundi.
"Hapa," akasema.
"Najua," nikasema.
Tukanywa chai.

Sasa mvua zimefika. Mbao zimevimba, droo imekwama,
na ndani mna miwani yangu na risiti ya maji.
Mihayo amekuja na bisibisi.
Nimemwambia airudishe alikoitoa.
Itafunguka yenyewe, Mei au Juni.
Hadi hapo nitasoma kwa kukunja macho,
viwiko vyangu vikiwa juu ya meza,
na meza haiyumbi.