Mianzi ya Kurasini

Mianzi imekuja kwa mkokoteni kutoka Keko,
minne, mirefu kuliko mlango,
tukaipitishia dirishani, ukumbi wa parokia.
Ligaya akainusa: "Ina harufu gani hii?"
Sikumwambia imetoka Iringa,
na huko mwanzi haugongwi sakafuni,
hukatwa ncha, ukalia usiku kucha,
asubuhi watu wakanywa machozi yake.

Mimi mfagiaji. Funguo ninazo mimi.
Jumamosi saa tisa nafungua, wanaingia:
mhasibu wa kiwanda cha nondo,
walimu wawili, Erlinda wa saluni,
Nonoy fundi mitambo wa bandarini, goti lake bovu.
Wanavua viatu, na vyeo vyao mumo humo.
Wawili wanachuchumaa, huku mmoja, huku mmoja.
Ko, ko, pa.
Mguu uingie mianzi ikiachana,
utoke kabla haijakutana.
Anayechelewa, kifundo chake kitasimulia.

"Ni ndege," Ligaya aliniambia siku ile ya kwanza,
"wa mashamba yetu ya mpunga.
Wakulima humtega kwa mianzi, naye huiruka."
Nilicheka hadi nikakalia ndoo.
Ndege wa mpunga!
Mimi Letisia, mzaliwa wa Ifakara,
niliyeamia tangu kabla ya jua, kopo la mawe mkononi,
niliyelikosa darasa la tatu zima
kwa sababu ya kweleakwelea!
Sisi tulimlaani.
Ninyi mnamvalia sketi za maua?

(Ila alikuwapo mmoja wa matopeni,
miguu vijiti, mpunga wetu hana habari nao,
anaokota konokono tu.
Nilimrushia jiwe, nikamkosa.
Baba alidhani sina shabaha.)

Leo Nonoy hayupo. Mkataba umekwisha,
ameondoka Jumanne na begi moja na feni aliyokataa kuiuza.
Ncha ya mwanzi imelala chini, haina mwenyewe.
"Ate," wakaniita. Dada mkubwa, maana yake.
"Ate, shika."

Nikashika. Ko, ko, pa.
Sikufundishwa. Ni kutwanga tu huku,
michi miwili, kinu kimoja,
ukimsahau mwenzio unamvunja kidole.

Akaja Mayumi, miaka kumi na moja,
aliyezaliwa Temeke, matusi yake yote ya Temeke.
Akasimama kando ya mianzi, hakuingia.
"Ate, huyo ndege yukoje?
Mama kamwona. Bibi kamwona. Mimi naruka tu."

Ningemwambia nini? Wa kwao simjui.
Nikampa wa kwetu.
Nikamwambia, mikono ikigonga:
haruki kwa haraka, huyo.
Anainua mguu kama aliyekanyaga uji wa moto,
anausahau hewani kidogo,
shingo inatangulia, mwili unafuata kwa deni.

Akaingia. Ko, ko, na mguu ukabaki juu,
nikadhani nitamvunja,
pa, hayumo.
Ligaya alisimama na kipepeo chake, hakipepei.
"Hivyo ndivyo alivyokuwa mama yangu," akasema.
"Nani kakufundisha?"
Mtoto akanielekeza kwa kidevu.
Nikajidai natafuta ufagio.

Sasa wamekwenda. Nimefagia vibanzi, pini moja ya nywele.
Kesho kuna kipaimara, viti mia mbili.
Mianzi nimeilaza stoo, nyuma ya ngoma za kwaya,
sikuifunga kamba.
Nimeiachanisha kidogo,
upana wa mguu mmoja hivi.