Kalinzi, Milimita Kumi na Nne

Zamani nilikuwa mdoezi wa tovuti.
Kabla sijawasha mashine ya fotokopi
nilizunguka nikibisha: hodi, kuna jipya?
Hapa hakuna. Pale la juzi.
Kwingine wamepaka mlango rangi tu.
Saa tatu asubuhi, hapa Mwanga, bando limekwisha
nami sijasoma hata aya moja.

Obedi, anayeuza vocha pembeni ya duka, akanihurumia:
"Dada Sikudhani, kila tovuti ina mrija wake.
Chomeka, maji yaje yenyewe."
Akanionyesha kialama cha rangi ya mawese,
kitone na matao mawili,
kama kokoto iliyotupwa ziwani
ukaonyeshwa robo tu ya viwimbi vyake.

Wanauita mlisho.
Nikacheka. Mlisho ni wa kuku wa kisasa, nikasema.
Sasa kuku ndiye mimi.

Anakuja mfuga nyuki wa Sikonge
anayegombana na nyegere mmoja, na kampa jina.
Anakuja mtunga mafumbo wa Iringa
anayekosea tahajia Jumatano, anaomba radhi Alhamisi.
Bei ya dagaa, Kibirizi.
Binti wa Tabora anayeandika treni zilizochelewa, kwa dakika,
na hajawahi kuongeza neno la hasira.
Wanapanga foleni, wa leo mbele,
hakuna anayeniamulia yupi anifae,
hakuna dawa ya kukuza nywele katikati.
Na wakiisha, wameisha. Simu inasema: umesoma yote.
Naifunga kama mtu aliyefuta mdomo.

Na Nyamoza.
Karani wa ghala la kahawa, Kalinzi. Sijawahi kumwona.
Kila asubuhi mvua ya jana, kwa milimita, kisha mstari mmoja:

Tisa. Mbuni wa nyuma ya ghala umechanua kabla ya wenzake.
Sifuri. Leo nimepima magunia na kikohozi.
Ishirini na mbili. Daraja limeondoka, daftari lipo.
Sifuri.
Sifuri.
Sifuri, na mtu kaja kunidai.
Kumi na nne. Sina la kuongeza.

Hakuongeza.
Jina lake likabaki kwenye orodha, limefifia, bila namba pembeni.
Obedi akasema ning'oe, mrija umekauka.
Nikamwambia, haudai kodi.
Miezi kumi na tisa
nilifungua simu na kuusoma ukimya wake kwanza.

Jumanne iliyopita, pembeni ya jina: tatu.
Vidole vilikuwa na wino wa tona. Nikavifuta kwenye sketi.

Bonasi ya kwanza bure!
Timu tano, mkeka mmoja!
Ushindi uko mfukoni mwako!

Kumbe anwani ilipitwa na muda.
Mtu kainunua kama fremu ya duka iliyochelewa kodi,
katoa nje vitu vya Nyamoza, kaweka mashine ya kamari.
Nikaenda mwenyewe kubisha, kama zamani.
Hakuna ghala. Hakuna mvua.

Lakini kilichokwisha kuingia kwangu kilikuwa kwangu.
Nikashusha kidole chini ya bonasi, chini ya mikeka,
na zote zilikuwepo, siku mia sita na kumi na moja,
pamoja na sifuri zake.
Kung'oa mrija kungezifuta.
Kuuacha ni kulishwa kamari kila alfajiri.

Nikazichapa. Kurasa thelathini na nne, upande mmoja,
karatasi nzuri, ile ya vyeti.
Ndipo nikang'oa.

Mteja wa kulaminisha kitambulisho akakifungua katikati.
"Kumi na nne ni bei?"
"Ni mvua."
"Ya hapa?"
"Ya Kalinzi."
Akafunua nyingine, akasahau kitambulisho chake kaunta.

Jana usiku imenyesha Mwanga, kubwa, bati zote zimelia.
Sijui ngapi.
Sina kipimo.