Doa la Tambuu

Jumatatu, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
jezi kumi na nane hunifikia ndani ya gunia,
zimekunjamana kama watu waliogombana wakalala.
Mia tano kwa jezi. Soksi bure.

Nazijua kwa harufu kabla ya namba.
Namba nne hupaka dawa ya viungo mpaka macho yaniwasha.
Namba tisa, Shekiondo, magoti ya bukta yake ni kijani:
hapo ndipo anaposujudia akifunga bao.
Kwa sijida hiyo hiyo, ugenini,
aliitwa gaidi uwanja mzima,
akarudi na tope la chupa mgongoni.
Tulilaani sana huku kwetu. Nakumbuka tulivyolaani.
Mwanangu Twalibu hata wali hakumaliza.

Namba moja ni Hilarioni, kipa, mtoto wa Magila.
Hugusa paji la uso, kifua, bega, bega,
kisha huzitemea glavu mate na kupiga makofi mawili.
Msimu mzima alivyokuwa akidaka
hakuna aliyeuona mkono wake unapita wapi.
Tukafungwa mechi tatu. Watu wakaanza kuuona.

*Msalaba kifuani,
mpira uko wavuni!*

Wakamgeukia na kocha, Bwana Murtaza,
aliyeuza pikipiki yake timu ipate nauli ya Moshi.
Mtu alimchungulia akiswali, mikono imeshuka ubavuni.
Basi likatungwa jipya, Ijumaa, pale Mkwakwani,
jukwaa zima likalidaka:

*Yule hafungi Ramadhani,
huyu hafungi mikono,
ndiyo maana tunafungwa!*

Nilikuwa langoni na sinia langu la karanga.
Mungu anisamehe, nilicheka.
Lugha yetu hii tamu, hata sumu huipikia nazi.

Leo nimeikunjua namba moja.
Mgongoni, chini ya namba, wekundu.
Nikadhani damu. Nikanusa.
Tambuu: chokaa, popoo,
na ile hiliki anayoitia muuzaji mmoja tu, kona ya sokoni.
Nimesugua kwa sabuni ya mche. Kwa ndimu. Kwa chumvi.
Kwa jiki, kidogo, maana jezi si yangu.
Doa likafifia, likatanda,
likawa ramani ya nchi nisiyoijua.

Beseni la pili lilikuwa la nguo za nyumbani.
Kanzu ya Twalibu. Alitoka nayo msikitini
akaenda uwanjani bila kupita nyumbani.
Mkono wa kulia, ncha yake, hapo alipofutia mdomo:
wekundu ule ule. Hiliki ile ile.

Twalibu mwenye sauti.
Twalibu ambaye muadhini akiugua, huitwa yeye.

Nikazihesabu jezi upya. Kumi na nane.
Sikujua ninachotafuta.

Alipoamka, saa nne, nilimsogezea kigoda.
"Ya nani hii?"
"Ina namba."
Akaitazama. Akakaa.
Akasugua mpaka vidole vikakunjamana,
hajauliza chai, hajagusa simu.
"Halitoki, mama."
"Sugua."

Alasiri Hilarioni akaja na baiskeli kufuata gunia.
Akamkuta mwenzake ameinama, jezi mkononi, nzito kwa maji,
naye, kijana wa watu, hakuuliza kitu.
Akashika ncha ya pili, kama tunavyokamua mashuka:
mmoja akasokota kulia, mmoja kushoto,
maji yakadondoka baina yao
ya waridi, kisha meupe, kisha tone tone.

Wakaikung'uta. Doa likafunguka pamoja na nguo.

Hilarioni aliliangalia muda mfupi,
kama anavyouangalia mpira uliokwisha pita.
"Acha tu, kaka," akasema. "Liko mgongoni. Mimi silioni."

Akaachia ncha yake.
Twalibu bado alikuwa ameishika ya kwake.