Fundo la Kushoto

Mamangu alikuwa mtu wa mashoto.
Fundo lake ungelijua hata gizani:
mzunguko mmoja kinyume, mkia akaung'ata kwa jino,
juala likashiba ukwaju, likakaza
kama shavu la mtoto aliyenuna.

Barafu za Bi Mwanasiti, Guraya nzima ilizijua.
Shilingi tano. Watoboa pembe, wafyonza
hadi juala linabaki jeupe, likichakarika mdomoni,
kisha walitupa.
Wapi? Hakuna aliyeuliza wapi.
Chini. Chini palikuwa papana siku hizo.

Idi Kubwa ile, Shekuwe mchinjaji
alipasua tumbo la beberu wetu, nyuma ya bafu,
akanyamaza,
yeye ambaye huongea hata na ngozi.
Akavuta bonge la ukubwa wa kichwa cha mwana,
majuala yamesokotana na nyasi mbichi,
akalimwagia ndoo ya maji ya kisima,
na katikati, likiwa bado limekaza,
fundo.
La kushoto.

Mama alilitazama
kama mtu aonyeshwaye mwandiko wake
katika barua aliyoapa hakuiandika.
Nyama ililiwa. Yeye alikula wali mtupu.

Serikali ilikuja baadaye, kwa redio, mwezi wa Agosti.
Milioni mbili faini, au jela.
Tulicheka. Tukapiga hesabu ukutani kwa mkaa:
barafu laki nne!
Kisha hatukucheka.
Chiriku, muuza mabuyu, alishindilia mabunda yake ndani ya mto,
na usiku, kila akigeuza kichwa,
ukuta wa pili tulisikia utajiri wake ukilalamika.

Mama alifungua droo, akahesabu.
Majuala mia tatu na moja.
Akayapeleka kwa chifu mwenyewe, akadai risiti.
Chifu hakuwa na kitabu cha risiti za majuala.
Akangoja hadi adhuhuri. Akaandikiwa kwenye karatasi ya chapati.

Alijaribu vikombe vya bati; havikurudi.
Alijaribu karatasi; ukwaju uliila.
Masika yalipokuja, mfereji wetu
ulimeza mvua yote, usicheue hata kijiko,
naye akasimama mlangoni, miguu mikavu,
mfuko wa kanga hauna hata sumni,
akasema: "Haya. Umeshinda."
Sijui alikuwa akimwambia nani.

Chupa za maji bado zapita mferejini,
lori zima kwa siku.
Zenyewe hazina fundo.
Hazijulikani ni za mkono wa nani.

Sasa friza nawawekea watu samaki, shilingi ishirini kwa usiku.
Juzi nikibandua theluji kwa upawa,
chini kabisa, nyuma, pale mkono wake tu ulipofika,
nikakuta moja.
Nyeusi. Ngumu kama kokoto.
Mwaka wa sita tangu tumzike.

Mpwa wangu Mkambe, anayevaa sare ya mazingira,
alikuwa jikoni akinywa chai.
Aliliona. Nikaona kwamba ameliona.
Akaweka kikombe, akaligusa fundo kwa kidole kimoja,
akauliza kama kuna sukari zaidi.

Nimelirudisha.
Umeme ukikatika, jambo la kwanza si taa.
Napapasa hadi chini, nalishika,
nahisi kama limeanza kulegea.